Bi Mwajabu na hofu ya kuzima skuta

Adhana ya alfajiri haijaisha Mbagala Kizuiani, na Bi Mwajabu Mwinjuma ameshainama barazani kwake, kikombe cha maji ya uvuguvugu mkononi, anaimwagia skuta. Haioshi. Anamimina taratibu juu ya mkono wa breki wa kushoto, anapangusa kwa kitambaa, anamimina tena. Kisha anabana breki, anabonyeza kitufe cha stata na kufumba macho.

Kimya.

Taa ya mbele inawaka. Honi akiijaribu inalia vizuri tu. Injini ndiyo haishtuki. Midomo ya Bi Mwajabu inacheza. Labda anaomba dua, labda anaitukana, mwandishi hakuthubutu kuuliza. Anapangusa, anabana tena, na safari hii skuta inakohoa na kuunguruma.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kuondoka kabla haijabadili mawazo. Yeye anaizima palepale.

"Naizima makusudi," anasema, huku akiufunga vizuri mtandio wake. "Kama itanikatalia, inikatalie hapa nyumbani kwangu. Nikianza kuiogopa njiani, nitarudia yale."

Yale ndiyo yaliyotuleta barazani kwake. Asubuhi hii anakwenda Toangoma, kwenye nyumba ambayo aliapa hatakanyaga tena.

Bi Mwajabu ni mkandaji wa wazazi. Kwa msomaji ambaye kwao hakuna jambo hilo: mwanamke akishajifungua, katika nyumba nyingi za pwani huletewa mtu wa kumkanda kwa maji ya moto, kumfunga tumbo kwa kanga, kumwogesha mtoto na kumnyoosha viungo kwa mafuta ya nazi. Kazi hiyo hufanywa asubuhi na jioni, hadi arobaini iishe. Ni kazi ya mikono na mgongo, na huwezi kumwambia mzazi asubiri kesho.

Alirithi kazi hiyo kwa mama yake, aliyekuwa akizunguka Temeke yote kwa miguu. Zamani wazazi walikuwa mtaa mmoja. Siku hizi mmoja yuko Kizuiani, mwingine Kongowe, mwingine ameolewa huko Toangoma kwenye mchanga ambako hata bodaboda hulalamika. Ndipo aliponunua skuta nyekundu kwa mwalimu aliyekuwa anahamia mkoani. Kiti kilikuwa na viraka na kiki ya kuwashia kwa mguu ilishakatika, lakini injini ilikuwa nzima.

"Mama yangu angeniona juu ya kitu kile angezimia," anasema na kucheka kidogo. Ndicho kicheko pekee tulichokisikia asubuhi nzima.

Wateja wakaongezeka. Wasiokuwa wa pwani nao wakaanza kumwita: walimu, mahausigeli, wake za makarani waliotoka Mbeya na Bukoba, ambao mama zao wako mbali na hawana wa kuwashika mkono. Vijana wa kijiweni wakampa jina, Bibi Resi, kwa mbio zake.

Kisha ukaja msimu wa kipupwe, na skuta ikaanza kugoma.

Iligoma asubuhi zaidi kuliko mchana, na ilichagua siku za baridi. Alibadilisha plagi. Alibadilisha betri. Fundi mmoja alishusha kabureta na kuisafisha, wa pili akasema wa kwanza ameiharibu. Vijana wa kijiweni walijitolea: "Bi mkubwa, tukusukume?" Wakaisukuma hadi mwisho wa mtaa, jasho likiwatoka, isiwake. Hakuna aliyewaambia kwamba skuta ya namna hii haiwaki kwa kusukumwa hata wangeifikisha Kongowe.

Kitu kimoja tu kilisaidia, na Bi Mwajabu alikigundua mwenyewe kwa hasira. Siku moja, maji ya kukandia yakiwa bado ya moto kwenye birika, aliimwagia skuta usukani wote. Ikawaka.

"Nikaona nayo inataka kukandwa kama mzazi," anasema. "Lakini hilo ningemwambia fundi gani? Wangesema bibi kaanza kuchanganyikiwa. Nikanyamaza."

Alinyamaza, akatafuta njia yake. Akishafanikiwa kuiwasha nyumbani, haizimi tena hadi amalize mzunguko wa asubuhi. Anafika kwa mzazi, anaiacha inaunguruma, anakanda, anatoka, anapanda, anakwenda. Petroli iliteketea, lakini alifika kwa wakati.

Tatizo ni kwamba huku kwetu huwezi kuacha chombo kinaunguruma barabarani. Utatoka ukute kimeshapata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo alianza kuiingiza ndani. Skuta ni nyembamba, inapita mlangoni. Akawa anaiegesha koridoni, mlango wa mbele unafungwa, kazi inaendelea.

Na nyumba ya mzazi, kama kila mwanamke wa pwani ajuavyo, haiachwi wazi. Madirisha hufungwa, pazia huteremshwa, mlango hurudishiwa, mzazi na mtoto wasipigwe na upepo.

Hakuna aliyeona kosa. Tukiwa wakweli, wangapi kati yetu tungeliona?

Mwezi wa saba, mwaka juzi, alikuwa akimkanda Hope, binti wa Mbeya aliyeolewa na Lusungu, karani wa ghala huko bandarini. Alikuwa mzazi wa mara ya kwanza, hana mama karibu, anaogopa hata kumshika mtoto wake shingo. Bi Mwajabu alimpenda. Hope naye alimsifu kwa majirani: huyu bibi akija tu, mtoto wangu analala fofofo.

Bi Mwajabu anapofika hapo kwenye maelezo yake, anaacha kufunga kikapu chake na kukaa kwenye ngazi.

"Analala fofofo," anarudia. "Kila nikija. Wakasema muungurumo wa skuta unambembeleza. Mie nami nikajisifu. Nikasema mikono yangu ina baraka. Kumbe mtoto alikuwa anavutishwa moshi, kila siku kidogo kidogo, mbele ya macho yangu."

Asubuhi ile alishamkanda Hope na kumnyoosha mtoto. Kichwa kilikuwa kinamuuma, akasema ni moshi wa kuni. Akawaacha wote wawili kitandani wamesinzia, akaenda uani kupuliza moto wa birika la mwisho. Koridoni skuta ilikuwa ikiunguruma kama kawaida yake.

Akasikia mlango wa mbele. Ni Lusungu, ametoka zamu ya usiku. Bi Mwajabu, bila kunyanyua uso kwenye moto, akapaza sauti: "Baba, umeingia? Mtoto mzima?"

Kutoka chumbani Lusungu akajibu kwa sauti kubwa: "Zima! Zima!"

"Mie nikasikia mzima," anasema Bi Mwajabu, na sauti yake inashuka hadi mwandishi analazimika kusogea karibu. "Injini inapiga kelele pale katikati. Mtu anaita zima, mie nasikia mzima. Nikasema alhamdulillahi. Nikaendelea kupuliza moto."

Lusungu alikuwa ameingia chumbani na kumkuta mkewe haamki. Alikuwa anamnyanyua, anamwita, anapiga kelele injini izimwe, na aliyepaswa kuizima alikuwa uani anamshukuru Mungu.

Kilichomshtua Bi Mwajabu ni kishindo. Lusungu alipita koridoni na Hope begani, akaipiga skuta kikumbo ikaanguka na kuzimika yenyewe. Katika ukimya ule ndipo alipoelewa. Alikimbilia chumbani, akamchukua mtoto, akatoka naye nje kwenye baridi ile ile ambayo siku zote walikuwa wakimkinga nayo.

"Alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa maji. Nikampulizia. Nikampiga nyayo. Nikamwita jina, Elinaza, Elinaza. Sikujua kama ameshapewa jina kanisani au bado, mie nikaita tu. Akapiga chafya."

Hospitali waliwekewa oksijeni mama na mtoto, na wote walipona. Daktari alieleza kwamba moshi wa injini una hewa ya sumu ambayo haionekani wala hainuki, na kwamba mtu akiivuta kwenye nyumba iliyofungwa humlaza taratibu, asijue kama analala au anakufa. Lusungu hakumtukana. Alimwambia neno moja tu, kwamba asije tena.

Bi Mwajabu hakwenda tena, si Toangoma wala kwingine. Aliirudisha skuta nyumbani kwa mkokoteni, akaifunika turubai, akaacha kazi. Wazazi walipiga simu, hakupokea. Usiku, anasema, alikuwa akishtuka na kuamka kuhakikisha kwamba haiungurumi, wakati ufunguo wenyewe ameulalia chini ya mto.

Mwishowe aliamua kuiuza. Aliipeleka kwa Adelard, fundi wa pikipiki pale Rangi Tatu ambaye pia hununua pikipiki zilizotumika, akamwambia ataje bei yoyote.

Adelard ni mtu wa maneno machache, na mikono yake haitulii hata anapozungumza nasi. Anasema alipoiwasha ikakataa, aliibonyeza honi kwanza. Ikalia. Basi betri ni nzima. Akabonyeza stata, hakusikia hata mlio mdogo. Ingekuwa plagi au kabureta, stata ingezunguka halafu injini ikose kuwaka. Hapa stata yenyewe haikupata habari.

"Skuta hizi haziwaki mpaka ubane breki," anaeleza. "Zimetengenezwa hivyo ili isikurukie. Pale kwenye mkono wa breki kuna kiswichi, kina kitufe kama punje ya choroko. Ukibana kinachomoza, umeme unapita. Nikamuuliza mama, ikikataa huwa unafanyaje? Akaona aibu kusema. Nikamuuliza tena. Akasema anaikanda."

Adelard alifungua skrubu ya mkono wa breki. Kitufe kilikuwa kimezama ndani ya uji mweupe uliochanganyika na vumbi, mgumu kama samli iliyoganda. Akaugusa kwa kidole, akanusa.

Yalikuwa mafuta ya nazi.

Kila alipomaliza kumnyoosha mtoto, Bi Mwajabu alipanda skuta na mikono inayong'aa mafuta, akabana breki. Mafuta yaliteleza ndani, siku baada ya siku. Jua likiwaka yanayeyuka, kitufe kinacheza, skuta inawaka. Kipupwe kikija yanaganda, kama yanavyoganda kwenye chupa ya kila nyumba ya Dar es Salaam, kitufe kinanasa. Na maji ya moto yaliiponya kwa sababu ile ile.

"Akaniambia, mama, skuta yako haina ugonjwa. Ni mikono yako tu hujafuta." Bi Mwajabu anaitazama mikono hiyo sasa, imelala mapajani. "Yaani ningejifuta kwa kitambaa. Kitambaa hiki hiki. Nisingeogopa kuizima, nisingeiingiza ndani. Nililia pale gereji mpaka wateja wake wakadhani amenitajia bei mbaya."

Adelard hakuinunua. Aliisugua swichi kwa petroli na mswaki wa zamani, akamrudishia. Swichi mpya ya aina hiyo hajaipata hadi leo. Kuna waliomshauri aunganishe nyaya moja kwa moja ili iwake bila breki, Bi Mwajabu akakataa, akasema ameshachoka na njia za mkato. Kwa hiyo swichi ile ile iliyochakaa inaendelea, na asubuhi za baridi mafuta yaliyobakia ndani yake bado huganda, skuta ikanuna.

Alirudi kazini polepole, kwa masharti yake. Anaizima getini, nje, hata kama mvua inanyesha. Hakandi kwenye chumba kisicho na dirisha wazi. Jiko halivuki kizingiti. Bibi wengine wa mtaani wanamsema kwamba anawapigisha wazazi upepo. Amepoteza wateja kwa hilo, anawaacha waende.

"Wananiuliza huogopi upepo? Nawaambia upepo ndio uliomrudisha mtoto wa watu."

Wiki iliyopita simu yake iliita. Alikuwa Hope. Amejifungua tena, mtoto wa kiume, na anamtaka yeye.

Safari ya Toangoma ni ya mchanga na makorongo, na Bi Mwajabu anatangulia na skuta, mwandishi akimfuata kwa bodaboda. Mara mbili anasimama bila sababu, miguu chini, injini inaunguruma. Tunadhani atageuza. Hageuzi.

Kwenye geti la bati Lusungu ameshasimama, amevaa koti la kazi juu ya msuli. Bi Mwajabu anaizima skuta akiwa bado mbali, anaisukuma mwenyewe hatua zilizobaki.

"Shikamoo mama," anasema Lusungu.

"Marahaba, baba."

"Umezima?"

Injini iko kimya, kila mtu anasikia kwamba iko kimya. "Nimezima," anajibu Bi Mwajabu. Anachomoa ufunguo na kumkabidhi. Lusungu anautia mfukoni, anavuta stuli na kukaa kando ya skuta, kama mlinzi wa kitu ambacho hakuna anayekitaka.

Hakumtaka arudi, na hafichi. "Mie nilisema hapana," anatuambia bila kutazama upande wetu. "Tulibishana siku mbili na mke wangu. Nikifumba macho bado naisikia ile injini. Sasa ye ananiambia, hao wakandaji wengine wote hawajui hatari ya moshi. Huyu anajua."

Ndani, madirisha yote yako wazi na pazia linapepea. Hope amekaa kitandani na sweta, soksi na kilemba, baridi inampiga lakini upepo unapita. Bi Mwajabu anasimama mlangoni na kikapu chake na hawezi kuvuka.

"Ingia, Bi Mwajabu," anasema Hope. "Hata mie naogopa. Ingia tuogope wote."

Anaingia. Anakanda. Maji ya moto, kitambaa, mgongo, nyonga, tumbo. Anamfunga kanga. Anamchukua mtoto na kumnyoosha mkono mmoja mmoja, na kila baada ya muda anamwekea kidole chini ya pua kuhakikisha anapumua, hata anapolia. Elinaza, ambaye sasa anatembea na kusema sana, anapita mlangoni na mwanasesere, anamwangalia yule bibi mgeni na kuondoka zake. Bi Mwajabu anamfuata kwa macho hadi anapopotea, kisha anaendelea na kazi.

Alipomaliza alijifuta mikono kwa kitambaa kikavu. Akajifuta tena. Akajifuta kati ya vidole.

Nje, Lusungu anampa ufunguo. Kando ya stuli kuna kikombe cha maji kinachofuka mvuke kidogo, mkewe alishamweleza jinsi skuta inavyokandwa. Bi Mwajabu ana mzazi mwingine Kongowe, anatakiwa kufika kabla jua halijawa kali. Lusungu anamimina maji mwenyewe, kwa uangalifu wa mtu anayeshika kitu asichokipenda, juu ya mkono wa breki.

Bi Mwajabu anabana. Kimya. Anapangusa, anabana. Kimya. Lusungu anamimina yaliyobaki hadi tone la mwisho, na skuta inakohoa, inasita, inawaka.

Tunapaza sauti kuushinda muungurumo na kumuuliza anatamani nini baada ya haya. Anasema hatamani skuta mpya. Adelard amemwahidi kuitafuta swichi, ikipatikana sawa. "Natamani niende kwenye nyumba ya mzazi niizime bila moyo kunienda mbio. Nizime kama watu wengine wanavyozima. Na nikiuliza mtoto mzima, nisikie vizuri ninachojibiwa. Basi."

Ameshakalia kiti, ameshakunja mtandio. Dirishani mtoto analia, kilio cha kawaida cha mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kisha kilio kinakatika ghafla.

Bi Mwajabu hageuki kumtazama mtu. Anazungusha ufunguo na kuizima skuta iliyowashwa kwa shida yote ile. Lusungu amesimama na kikombe kitupu.

"Hope," anaita Bi Mwajabu. "Mtoto mzima?"

Pazia linapepea. Mahali fulani nyuma ya nyumba jogoo anawika.

"Mzima, Bi Mwajabu," sauti ya Hope inatoka dirishani, taratibu, ya mtu ambaye hataki kumshtua aliye kifuani. "Ananyonya."

Bi Mwajabu anainamisha kichwa juu ya usukani. Lusungu anakitazama kikombe, anaitazama skuta iliyozimwa, kisha anarudi ndani kufuata maji mengine.